Sataranji na Mwanagenzi Wake

Katika makamusi ya Kiswahili limo neno ambalo wengi wetu hulipita bila ya kusita. Neno lenyewe ni sataranji. Limeandikwa humo tangu zama za makamusi ya kwanza, na maana yake ni ule mchezo wa akili uchezwao na watu wawili juu ya ubao wenye miraba 64, kila mmoja akiongoza jeshi la kete 16. Siku hizi mchezo huu umeingia katika shule nyingi za nchi zetu, lakini mara nyingi umeingia bila ya jina hilo. Mwanafunzi hufundishwa kwa Kiingereza, kuanzia jina la mchezo hadi jina la kete iliyo ndogo kuliko zote, naye mwalimu wa Kiswahili hubaki kando akidhani kwamba jambo hilo halimhusu.

Makala haya yataka kuonyesha kwamba lamhusu sana. Tutaieleza kwa ufupi historia ya sataranji, lakini hatutaieleza kwa kuwahesabu mabingwa, kama wafanyavyo wengi. Tutamfuata mwanagenzi, yaani yule anayeukalia ubao kwa mara ya kwanza: alifundishwa nini, kwa njia gani, na kwa maneno yapi. Tutaona kwamba mataifa makubwa yaliyoupokea mchezo huu yalianza kwa kuzipa kete majina ambayo mtoto wa nchi hiyo aliyaelewa. Baada ya hapo tutauliza sisi tumefanya nini.

Mwanagenzi asiye na mwalimu

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mchezo huu ulizaliwa kaskazini ya Bara Hindi, yapata karne ya 6 au ya 7. Jina lake katika Kisanskriti lilikuwa chaturanga, na maana yake ni viungo vinne, yaani sehemu nne za jeshi la zama hizo: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo wa vita, na magari yaliyokokotwa na farasi. Katikati walikaa mfalme na mshauri wake. Kwa hiyo mtoto wa Kihindi hakuhitaji maelezo marefu. Aliyeutazama ubao aliliona jeshi la mfalme wake.

Kutoka huko mchezo ulivuka kwenda Uajemi, na Waajemi wanayo hekaya juu ya jinsi walivyoupokea. Husimuliwa kwamba mfalme mmoja wa Bara Hindi alimpelekea Khusrau Anushirwan, aliyetawala Uajemi tangu mwaka 531 hadi 579, ubao na kete zake bila ya kumpelekea kanuni. Sharti lilikuwa kwamba wenye hekima wa Uajemi waifumbue siri ya mchezo wenyewe, na wakishindwa watoe kodi. Waziri Buzurgmihri alizikalia kete zile, akazitazama umbo na mahali pake, akaigundua kanuni ya kila moja. Kisha naye akatunga mchezo mwingine akawapelekea Wahindi, nao hawakuweza kuufumbua.

Hekaya si historia, nasi hatuitoi kama ushahidi. Lakini kwa mwalimu ina mafunzo. Waziri yule aliweza kuanza kwa sababu kete zilimsemesha: tembo alikuwa tembo, farasi alikuwa farasi, na mfalme alikuwa mfalme. Lau angaliwekewa mbele yake vijiti visivyo na sura wala jina, hata hekima yake isingalimfaa kitu.

Waajemi waliuita mchezo chatrang. Waarabu walipoitwaa Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua pamoja na jina lake, lakini lugha yao haikuwa na sauti ya ch wala ya g, basi wakasema shatranj. Kiswahili nacho, kisichopenda konsonanti zisongamane wala neno liishie kwa konsonanti, kikatia irabu kila palipobana, tukapata sataranji. Neno hilo ni la safari ndefu, na sisi ni kituo chake kimojawapo. Wahispania walipita njia hiyo hiyo ya Waarabu wakapata ajedrez, na Wareno wakapata xadrez. Ndugu wa mbali wa neno letu wako Madrid na Lisbon.

Pembe za pwani yetu

Lakini pwani ya Afrika Mashariki haikupokea neno tu. Ilitoa pia kitu kilichokuwa cha thamani kubwa katika mchezo huu.

Msafiri na mwanahistoria wa Kiarabu, al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 956, aliijua bahari yetu kwa macho yake. Aliandika kwamba alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu, katika pwani ya Zanj, kurudi Oman katika mwaka wa 304 wa Hijria, ambao ni sawa na mwaka 916 au 917. Katika maelezo yake juu ya nchi ya Zanj alitaja pembe za ndovu, akasema zilipelekwa Oman, na kutoka Oman zikasafirishwa China na Bara Hindi. Kisha akaeleza matumizi yake huko Bara Hindi: walichongea mipini ya majambia na ya panga, lakini matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa kutengenezea kete za sataranji na za mchezo wa nardi.

Walimu wenzetu, tulipime jambo hili. Miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, ndovu wa nchi zetu alikuwa akifika juu ya ubao wa sataranji katika nchi za mbali, amechongwa kuwa mfalme, farasi, au ndovu mdogo mwenyewe. Kwa hiyo anayesema kwamba mchezo huu ni mgeni kabisa kwetu anasema nusu ya kweli. Mkono uliouchonga haukuwa wetu, wala kanuni hazikutungwa kwetu, lakini mali iliyochongwa ilitoka mwituni mwetu.

Shule ya Baghdad

Mafunzo ya sataranji kwa maandishi yalianza hasa katika dola ya Wabani Abbasi. Katika karne ya 9 al-Adli aliandika kitabu juu ya mchezo huu, na baada yake akaja as-Suli, mtu wa adabu na historia, aliyemshinda bingwa wa zama zake mbele ya khalifa al-Muktafi, aliyetawala tangu mwaka 902 hadi 908.

Mchezo waliofundisha ulikuwa wa polepole kuliko wa leo. Mshauri wa mfalme aliweza kwenda mraba mmoja tu kwa mshazari. Tembo aliruka miraba miwili kwa mshazari, hakufika zaidi. Kitunda, yaani askari wa miguu, alikwenda hatua moja moja tangu mwanzo. Majeshi yalichukua muda mrefu kabla ya kukutana, na kwa hiyo walimu wa Baghdad walibuni njia mbili za kumsaidia mwanafunzi.

Njia ya kwanza ni kumfundisha mpango wa kuanzia, ambao waliuita ta'biya: jinsi ya kuzitandaza kete vizuri kabla ya vita. Njia ya pili ni mansuba, yaani hali iliyopangwa makusudi, ambayo kete zake ni chache na mwisho wake uko karibu, na mwanafunzi huulizwa namna ya kushinda. Hili ndilo zoezi kama tunavyolijua madarasani. Mwalimu hatoi insha nzima kwa mtoto wa darasa la kwanza. Humpa sentensi moja yenye pengo, akamwambia ajaze.

Aidha walikuwa na desturi ya kuwapanga wachezaji kwa madaraja, na aliye juu akikutana na aliye chini humpa nafuu. Huondoa kete yake moja, kitunda au hata farasi, ndipo mchezo uanze. Kwa njia hiyo mwanagenzi hakuonewa, na bingwa hakulala usingizi. Desturi hiyo yafaa mpaka leo katika shule ambayo mwanafunzi mmoja amekwisha kupata mazoezi na wenzake ndio kwanza wanaanza.

Waarabu hawakutafsiri kila neno. Shah walimwacha na Uajemi wake, na rukh, gari la vita, walilichukua kama lilivyo. Lakini tembo walimwita fil na farasi wakamwita faras, kwa lugha yao wenyewe. Mwenye Kiswahili hapati taabu hapa. Farasi tunaye, na fili anajulikana na kila aliyesoma chuoni sura ya watu wa ndovu. Hata tangazo la mwisho la mchezo, shah mat, halituwii geni. Wako wasemao kwamba mat ni neno la Kiajemi lenye maana ya aliyekwama asijue la kufanya, na wako walioliona kuwa la Kiarabu lenye maana ya kufa, lenye shina moja na mauti na maiti. Kwa mchezo wenyewe maana ya kwanza yaelekea zaidi, kwani katika sataranji mfalme haliwi. Kete nyingine zote huliwa zikatolewa ubaoni, lakini yeye hufungwa tu mahali pake asiwe na pa kukimbilia, na mchezo ukaishia hapo.

Jina lilitangulia nguvu

Mchezo uliingia Ulaya kwa njia ya Hispania na Italia, ukaenea haraka. Mwaka 1283 Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla alikamilisha huko Sevilla kitabu kikubwa cha michezo, ambamo kuna mafumbo 103 ya sataranji, mengi yake yakiwa ni mansuba za Waarabu. Picha zake zawaonyesha Waislamu, Wakristo na Wayahudi wakicheza, wanaume kwa wanawake.

Hapa ndipo historia ya majina inapokuwa tamu kwa mwalimu wa lugha. Watu wa Ulaya walipokea kete wasizoweza kuzitambua, maana Waislamu wengi walipendelea kuzichonga bila ya sura ya kiumbe. Tembo alikuwa kipande cha mviringo chenye ncha mbili juu, kama alama ya pembe zake. Waingereza waliziona zile ncha mbili, wakaona kofia ya askofu, na mpaka leo kwao yeye ni askofu. Wafaransa walimwita mchekeshaji wa mfalme. Wajerumani walimwita mkimbiaji. Wahispania walilibakiza neno la Kiarabu, alfil, ingawa wengi wao hawamwoni tena ndovu ndani yake. Warusi, walioupata mchezo kutoka mashariki, wamemwacha kuwa tembo, na gari la vita wakaligeuza kuwa chombo cha majini. Wafaransa na Wajerumani wakaligeuza gari hilo hilo kuwa mnara. Kete ni ile ile na mwendo ni ule ule, lakini kila mtoto aliitwa kwenye ubao kwa lugha ya mama yake.

Habari ya malkia inashangaza zaidi. Kule alikotoka alikuwa mshauri au waziri wa mfalme. Ulaya ikamgeuza mwanamke. Shairi la Kilatini lililohifadhiwa katika monasteri ya Einsiedeln, nchini Uswisi, la mwishoni mwa karne ya 10, tayari lamwita malkia. Hata hivyo malkia huyo alikuwa mnyonge, akienda hatua moja tu ya mshazari, kama waziri aliyemtangulia. Ilipita karibu miaka 500 ndipo, katika miaka ya mwisho ya karne ya 15, kanuni zilipobadilishwa akapewa nguvu aliyo nayo leo: kwenda upande wowote, kwa mstari au kwa mshazari, umbali wowote ambao njia iko wazi. Tembo naye alipewa mshazari mzima. Jina lilitangulia, nguvu ikafuata.

Mabadiliko hayo yaliwafanya watu wote kuwa wanagenzi kwa mara nyingine, hata wazee waliocheza maisha yao yote. Mitego mipya iliweza kuua mfalme katika hatua nne tu. Vitabu vya kufundishia vilihitajika mara moja, na mashine ya kuchapia ilikuwa imekwisha kupatikana. Kitabu cha kale kuliko vyote vilivyochapwa ambacho tunacho mpaka leo ni cha Mhispania Luis Ramírez de Lucena, kilichotolewa Salamanca mwaka 1497. Ndani yake mna mafumbo 150, baadhi ya kanuni za kale na baadhi ya kanuni mpya. Mna pia mashauri ya ujanja, kwa mfano kwamba ubao uwekwe ili jua limpige adui machoni. Shauri hilo hatuwapi wanafunzi wetu.

Kutoka kwa wafalme hadi kwa watoto

Baada ya Lucena vitabu vilifuatana. Tutataja viwili tu vilivyogeuza mafunzo. Mwaka 1749 Mfaransa Philidor, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alitoa kitabu kilichomfundisha mwanafunzi kuvithamini vitunda. Kabla yake wengi waliwaona askari hao wadogo kuwa takataka ya kuondolewa njiani. Yeye alionyesha kwamba mpangilio wa vitunda ndio unaoamua vita itakwendaje. Ni kete pekee isiyorudi nyuma, na kwa hiyo kila hatua yake haina majuto. Lakini akivuka ubao wote akafika mwisho, hugeuka kuwa malkia au kete nyingine yoyote isipokuwa mfalme. Wahenga wetu walisema, mwanzo kokochi, mwisho nazi. Hatujui methali inayomfaa kitunda kuliko hiyo.

Kitabu cha pili ni cha José Raúl Capablanca, mzaliwa wa Havana, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1921 hadi 1927. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alijifunza akiwa na umri wa miaka minne kwa kumtazama baba yake akicheza. Katika kitabu chake cha mwaka 1921 hakuanza na mianzo. Alianza na mwisho: mfalme na ngome dhidi ya mfalme aliye peke yake. Sababu yake yaeleweka. Kete zikiwa chache, mwanagenzi huiona kazi ya kila moja. Kete zikiwa 32, huona msitu tu.

Katikati ya vitabu hivyo viwili lilifanyika jambo jingine dogo lililomfaa sana mwanagenzi. Mwaka 1849 kiwanda kimoja cha London kilianza kuuza kete zilizochongwa kwa namna moja, kila moja ikitambulikana mara moja kwa sura yake, farasi kwa kichwa chake na ngome kwa ukuta wake. Kete hizo hujulikana kwa jina la Staunton, bingwa aliyezisifia. Ndizo zitumikazo duniani kote hivi leo. Na tarehe 20 Julai 1924 Shirikisho la Kimataifa, FIDE, liliundwa mjini Paris, likaziweka kanuni kuwa moja kwa mataifa yote.

Katwe

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2004, katika mtaa wa Katwe mjini Kampala, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wachache mchezo huu. Wengi wao hawakuwa wakienda shule, na kikombe cha uji kilikuwa sehemu ya kilichowavuta. Mwaka uliofuata aliingia msichana wa umri wa miaka tisa hivi, Phiona Mutesi, akimfuata kaka yake. Aliyempa somo la kwanza la kete hakuwa mwalimu mkuu. Alikuwa msichana mdogo kuliko yeye, ambaye alikwisha kujua. Mwaka 2009 Phiona alikuwa miongoni mwa watoto walioiwakilisha Uganda katika mashindano ya Juba wakarudi na ushindi. Mwaka 2010 alikwenda Urusi katika Olimpiadi ya sataranji iliyofanyika Khanty-Mansiysk. Mwaka 2012, katika Olimpiadi ya Istanbul, alipata cheo cha kimataifa. Habari zake ziliandikwa katika kitabu mwaka huo huo, na mwaka 2016 zikafanywa filamu.

Wengi wameisoma habari hii kama habari ya umaskini na bahati. Sisi walimu wa lugha twaona ndani yake jambo jingine. Imeandikwa kwamba watoto wale walijifunza mchezo ambao haukuwa na jina katika lugha yao ya nyumbani. Neno lilikuwapo muda wote karibu nao, katika Kiswahili, limehifadhiwa makamusini kama kanzu ya sikukuu isiyovaliwa. Hakuna aliyewaambia. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Lugha ya rasmi isiyoweza kuongoza mchezo wa watoto wakati wa mapumziko itaongoza nini?

Majina ya kete kwa Kiswahili

Wako wenzetu watakaosema kwamba mashindano ni ya kimataifa, na kwa hiyo majina ya Kiingereza yaachwe kama yalivyo. Hoja hiyo haisimami. Kanuni za FIDE zinamtaka mchezaji aandike kila hatua, na kete huandikwa kwa herufi moja, ile ya mwanzo wa jina lake. Kanuni hizo hizo zinamruhusu kila mchezaji atumie herufi ya jina linalotumika katika nchi yake. Mfaransa huandika kwa Kifaransa, Mrusi kwa Kirusi. Mlango uko wazi, kilichobaki ni sisi kuingia.

Lakini tukiingia tuingie kwa hesabu, maana herufi hugongana. Waingereza wana mfalme na farasi wanaoanza kwa herufi moja, ikawabidi wamwandike farasi kwa herufi ya pili ya sauti yake. Warusi nao wamegongana hapo hapo, wakamwandika mfalme kwa herufi mbili. Kwetu mgongano uko mahali pengine: mfalme na malkia wote wawili ni M. Dawa twaipata katika historia tuliyoieleza. Mfalme na aitwe shaha, kama alivyoitwa na walioupitisha mchezo huu hadi kwetu. Neno si geni, kwani katika ushairi twamwita shaha yule aliye mkuu wa malenga. Gari la vita na liwe ngome. Wa mshazari na arudishiwe jina lake la asili, awe tembo, wala si askofu, kwa kuwa askofu alizaliwa kwa kosa la macho, na ndovu ni wa kwetu. Ndovu lenyewe ni zuri, lakini lingegongana na ngome. Watoto watacheka wakikumbuka kwamba tembo pia hugemwa mnazini, nao wakicheka hawatasahau.

Basi herufi zetu zingekuwa S ya shaha, M ya malkia, N ya ngome, T ya tembo na F ya farasi. Ni tano, na hakuna mbili zinazofanana. Kitunda hakiandikwi herufi katika lugha yoyote, nasi tutamwacha hivyo. Makamusi yanalihusisha neno kitunda na kete za sataranji kwa jumla. Twapendekeza lihifadhiwe kwa huyu askari mdogo, na neno kete libaki la jumla, kama lilivyo katika bao. Shaha akitishwa, mchezaji na atangaze tu "Shaha!", kama walivyofanya wa kale.

Namna ya kuanza

Mwalimu asiyewahi kuucheza mchezo huu asiogope. Auweke ubao ili kila mchezaji awe na mraba mweupe pembeni mwake kulia. Siku ya kwanza atumie vitunda peke yake, 8 kwa 8. Kitunda huenda mbele mraba mmoja, au miwili katika hatua yake ya kwanza, na hula kwa mshazari. Wa kwanza kuvuka ndiye mshindi. Kwa mchezo huo mdogo mtoto hujifunza zamu, kula, na subira.

Siku ya pili amweke shaha mmoja pekee dhidi ya ngome mbili na shaha wake. Ngome huenda kwa mstari ulionyoka, umbali wowote. Moja yaufunga mstari, ya pili yaufunga unaofuata, na hivyo kwa zamu mpaka shaha wa adui asukumwe ukingoni na kukosa pa kwenda. Hapo mwanagenzi amekwisha kuuona mwisho wa mchezo kabla ya kuujua mwanzo wake, kama alivyotaka Capablanca na kama walivyotaka watu wa Baghdad. Tembo na malkia wafuate siku ya tatu, na farasi awe wa mwisho, kwa kuwa mwendo wake ni wa kupinda, miraba miwili mbele na mmoja kando, na ndiye pekee anayeruka juu ya wenzake.

Kisha waonywe juu ya mtego ule wa hatua nne, ambapo malkia na tembo hukishambulia kitunda kinacholindwa na shaha peke yake. Hata mtego huo una majina: Waingereza huuita wa mwanachuoni, Wafaransa na Wajerumani wa mchungaji, Warusi wa mtoto. Sisi na tuuite wa mwanagenzi. Atakayenaswa nao mara moja hatanaswa mara ya pili.

Na kama mwanafunzi atauliza kwa nini ajifunze mchezo wa watu wa mbali hali kwao kuna bao na omweso, aulizwe naye ahesabu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na omweso hali kadhalika. Sataranji ina kete 32 na miraba 64. Anayeweza kuhesabu mbegu zinazozunguka katika mashimo yale, akajua zitakomea wapi kabla hajazishika, amekwisha kuanza kujifunza sataranji. Kinachosalia ni kumwambia majina, na kazi hiyo, ndugu walimu, ni yetu.